Pama Haikukai? Tafuta Kosa Lilipo

Kila nikitoka na pama, ile kofia ya felti yenye ukingo, kichwani, yupo atakayeniambia, "Wewe zinakukaa, mimi uso wangu umezikataa." Namwomba aniletee hiyo iliyomkataa. Anakuja nayo Jumamosi, imekunjwa ndani ya mfuko wa rambo, na nikiitazama tu naona kwamba uso wake hauna kesi. Ama kofia ni ndogo kwa saizi moja, ama imefinyangwa na robota la mitumba tangu bandarini hadi sokoni, ama bado imebeba umbo la kichwa cha mwenyewe wa kwanza. Hayo yote yana dawa, na dawa nyingi unazo jikoni: birika, wanga, kitambaa safi na mikono yako miwili.

Nimeyapanga matatizo kwa namna watu wanavyoyasema wenyewe. Tukubaliane majina kwanza. Kuba ni sehemu ya juu inayofunika kichwa. Ukingo ni ule mduara unaotoka nje kukupa kivuli. Bonde ni mbonyeo wa juu ya kuba, na mbano ni mibonyeo miwili ya mbele, pale vidole vinapopenda kushika. Ndani kuna mkanda wa jasho, mara nyingi wa ngozi, na juu yake bitana. Nje, kuba linapokutana na ukingo, kuna utepe. Kwenye kofia za kiume fundo la utepe hukaa kushoto kwako, na kwenye mshono wa mkanda wa ndani mara nyingi kuna kifundo kidogo kinachoonyesha upande wa kisogo. Kitafute hicho kabla ya kulaumu chochote, kwa sababu pama iliyogeuzwa nyuma mbele haiwezi kukaa hata ufanyeje.

Ijue felti uliyonayo

Felti haikufumwa. Ni nywele za mnyama zilizong'ang'aniana. Kila unywele una magamba madogo sana, na ukiupa joto, maji na msukosuko, magamba hushikana na ya jirani yake, hayaachani tena. Mvuke huilainisha felti hadi ikubali umbo jipya, lakini joto likizidi, zile nywele huendelea kushikana na kofia husinyaa. Kazi yote ya kutengeneza pama inafanyika katikati ya mambo hayo mawili.

Ziko felti za sufi ya kondoo, na ziko za manyoya laini ya sungura au ya biva, yule mnyama wa mitoni wa nchi za baridi. Ya sufi ni nzito kidogo, ukiipapasa ina ukavu fulani, na ikilowa hutoa harufu ya kondoo. Ya sungura ni nyembamba lakini imara, ukiikunja ukingo inarudi yenyewe, na mguso wake unakaribia wa sikio la ndama. Jina la kiwanda si ushahidi tosha. Borsalino wa Alessandria, Italia, wanatengeneza kofia tangu 1857 na sifa yao imejengwa juu ya manyoya ya sungura. Lakini Stetson, iliyoanzishwa Philadelphia mwaka 1865, hutoa za manyoya na za sufi pia, kwa hiyo soma kilichoandikwa ndani ya mkanda. Zile alama za X kwenye kofia za Kimarekani zisikubabaishe. Kila kiwanda huzihesabu kwa kipimo chake, na X nyingi za mmoja zinaweza kuwa sawa na chache za mwingine.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu felti ya sungura unaweza kuifuta bonde la zamani kabisa na kuanza upya, mara nyingi tu. Ya sufi inakusamehe mara moja au mbili, kisha mstari wa bonde la kwanza unabaki kama kovu. Ukiwa na ya sufi, fikiri kabla ya kugusa.

Na onyo moja ninalolisema kwa moyo wote. Kama pama ni ya urithi, ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, usiipige mvuke chumbani umefunga madirisha. Zamani manyoya yalilainishwa kwa chumvi ya zebaki, na mafundi wa mji wa Danbury, Connecticut, walitetemeka mikono na kuharibika akili kwa sumu hiyo. Marekani iliachana nayo viwandani mwaka 1941. Kofia za enzi hizo bado zinaweza kuwa na mabaki ya zebaki, kwa hiyo zifanyie kazi nje, penye upepo.

"Inanibana mbele na nyuma, lakini pembeni kidole kinapita"

Huyu ndiye mgonjwa ninayempokea kuliko wote. Amepimwa sentimita 58, amenunua 58, na bado inamuuma kichwa kabla ya saa sita mchana.

Saizi hupima mzunguko tu, haipimi umbo. Ukivitazama vichwa vya watu kutoka juu, kuna vilivyo virefu kama yai na kuna vilivyokaribia duara la sahani. Vaa pama dakika 20, ivue, kisha jitazame kwenye kioo. Alama ikiwa katikati ya paji tu, kichwa chako ni kirefu kuliko kofia. Alama ikiwa kwenye panja, na mbele mwanga unapita, kichwa chako ni cha duara na kofia ndiyo ndefu. Alama ikizunguka pote, hapo kweli ni ndogo.

Kwa kesi mbili za kwanza, geuza mkanda wa jasho utoke nje, uninginie chini, ili mvuke usiupate. Pitisha mvuke kwa sekunde kama 10 kwenye felti pale kuba linapoungana na ukingo. Kama kichwa chako ni kirefu, kandamiza pande mbili kwa viganja huku mbele na nyuma pakiachiwa kutoka. Kama ni cha duara, fanya kinyume chake. Shikilia mpaka felti ipoe mikononi mwako. Ukiachia ikiwa bado na joto, inarudi ilikokuwa. Fanya kidogo, jaribu kichwani, rudia. Ukingo utapinda kidogo kwa kazi hii, nao utaushughulikia mwisho.

Kama ni ndogo kwa nusu saizi, loanisha mkanda wa ngozi kwa maji safi, uvae pama hadi ikauke, saa moja au mbili. Ngozi itatanuka na kukaa. Ikiwa ndogo kwa zaidi ya saizi moja, mpe mwenye kichwa kidogo. Nimeona felti zilizopasuka kwenye mshono kwa sababu mtu alikataa kukubali hilo.

Ukinunua mtumba, jihadhari na namba. Kichwa cha sentimita 58 ni 7¼ kwenye kofia ya Marekani, lakini ya Uingereza itaandikwa 7⅛. Tofauti ya moja ya nane inatosha kukuharibia siku. Jipime kwa tepu ya fundi cherehani, juu kidogo ya nyusi na masikio, ipite pale kisogo kinapotokeza zaidi. Pima mara tatu. Ukiwa na rasta au nywele nyingi, pima zikiwa zimefungwa vile unavyozifunga siku zote.

"Inapwaya, upepo ukija naikimbiza"

Kunja ukanda wa gazeti au sponji nyembamba upana wa kidole, uuchomeke nyuma ya mkanda wa jasho. Watu huuzungusha pote. Mimi huweka pale tu panapopwaya: pembeni kwa kichwa kirefu, mbele na nyuma kwa kichwa cha duara. Sponji ya pembeni tu inaweza kuponya tatizo la umbo bila birika hata kidogo.

Pama nyingine za zamani zina kikamba chembamba kilichozunguka juu ya utepe, chenye kifungo kidogo mwishoni. Wengi hudhani ni pambo, wakakikata. Kilitengenezwa kwa ajili ya upepo. Unakivuta na kukipitisha kwenye tundu la kifungo la kola ya koti, na kofia ikipeperushwa inaning'inia begani badala ya kuangukia barabarani. Pale Arusha upepo wa Agosti ulinifundisha thamani yake.

Masikio yakikunjamana chini ya ukingo, ama kofia ni kubwa, ama umeizamisha. Mkanda ukae juu ya masikio, na mbele uache nafasi ya kidole kimoja hadi viwili juu ya nyusi.

"Kofia inanivaa mimi, siyo mimi ninayeivaa"

Hapa ndipo watu wanapokata tamaa na kuirudisha kabatini, na hapa ndipo pana mengi ya kufanya.

Kwanza acha kioo cha bafuni. Kinakuonyesha kichwa na shingo, wakati pama huonekana pamoja na mwili mzima. Simama mbele ya kioo kirefu, au mwombe mtu akupige picha akiwa hatua nne au tano mbali. Picha unayojipiga kwa mkono uliounyoosha hukuza kilicho karibu na simu, kwa hiyo ukingo unatokea mkubwa kuliko ulivyo na pua vilevile. Wengi wameziacha pama nzuri kwa ushahidi wa uongo wa simu zao.

Sasa tazama mambo matatu kwa zamu.

Ukingo na mabega. Mtu mwembamba wa mabega akivaa ukingo wa sentimita 8 anageuka uyoga. Mtu mpana akivaa ukingo wa sentimita 4, zile kofia za vijana zilizojaa mitumbani miaka ya karibuni, kichwa kinaonekana kimeazimwa. Salva Kiir wa Sudan Kusini anaibeba kofia nyeusi ya ukingo mpana, mtindo alioanza baada ya kupewa moja na Rais George W. Bush, kwa sababu ni mrefu na mabega yake yanaujibu ukingo ule. Kwa mtu wa mwili wa kawaida, sentimita 6 hadi 6.5 ni mahali salama pa kuanzia.

Kuba na uso. Tazama upana wa kuba juu kabisa, ulinganishe na mifupa ya mashavu. Kuba likichongoka kwenda juu wakati mashavu ni mapana, uso unakuwa mpana maradufu. Hilo halitibiki kwa mvuke kwa urahisi, kwa hiyo liangalie kabla ya kununua. Urefu wa kuba, kwa upande mwingine, uko mikononi mwako. Bonde likishuka, kofia inafupika, likipanda, inarefuka. Mwenye uso mrefu na shingo ndefu ashushe bonde, aache ukingo ufanye kazi. Mwenye uso wa duara alipandishe, na mbano wake wa mbele uwe mkali, kwa maana mistari iliyonyooka juu ya mashavu ya duara hukupa umbo ambalo uso peke yake haukuwa nalo.

Pembe ya kuvaa. Kofia iliyonyooka wima kama sufuria juu ya kabati humfanya mtu aonekane anapigwa picha ya kitambulisho. Ilaze kidogo upande wa kulia, kiasi cha upana wa kidole, ukingo wa mbele ushuke na wa nyuma uinuke. Fundo la utepe lililo kushoto litaonekana vizuri zaidi. Ukilaza zaidi ya hapo, masikio mawili yatakuwa na habari mbili tofauti.

Halafu nguo. Felti ni kitambaa kizito, inataka wenzake: koti, sweta, suruali yenye mwili. Juu ya fulana nyepesi na kaptura inaonekana imepotea njia. Vijana wa Sape, wale mashabiki wa mavazi maridadi kule Kinshasa na Brazzaville, wana kanuni ninayoiheshimu: rangi zisizidi tatu mwilini. Hesabu pama na utepe wake ndani ya hizo tatu, utaona jinsi matatizo mengi ya "hainikai" yanavyokuwa matatizo ya rangi. Kahawia iliyokolea na kijivu ndizo rahisi kuzioanisha. Nyeusi inadai zaidi kuliko watu wanavyofikiri.

Na niseme wazi: Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, pama ya felti si ya mchana. Vaa ya ukindu au ya mkeka mwembamba. Felti ina nyumba yake: Arusha, Njombe, Mbeya, Limuru, Nyeri, mahali penye asubuhi za baridi. Wazee wa huko wanazivaa na makoti yao, na hawakuhitaji mtu wa kuwaelekeza. Watazame. Karibu kila mmoja ana bonde lake, na ukimjua utamtambua kwa mbali kwa namna ukingo wake ulivyoshuka.

"Bonde halishiki, au limekaa vibaya"

Sababu ya kawaida ni kwamba limefanywa kwa mkono mkavu. Kubonyeza felti baridi ni kuiomba tu. Itakubali kwa nusu siku, kisha irudi. Sababu ya pili ni kiwanda kuiweka gundi ya kukazia iliyoshikilia umbo la kwanza. Zote mbili zinataka mvuke.

Chemsha maji, birika litoe mvuke wa kutosha. Shika kofia sentimita 15 au 20 kutoka mdomoni, kuba likiutazama mvuke kwa upande wa nje, ulizungushe taratibu. Sekunde 10 hadi 15, kisha ondoa. Felti inatakiwa ilegee na iwe na uvuguvugu wa mkate uliotoka kupoa. Ikitota umezidisha, iache ipumue.

Kama kuna bonde la zamani, sukuma kwa ngumi kutoka ndani mpaka kuba liwe duara tupu. Hapo usiwe na haraka. Ivae hivyo hivyo, uende kwenye kioo, uamue urefu unaoutaka. Mimi huitazama ikiwa wazi hata siku mbili kabla ya kuigusa tena.

Bonde linaanza na makali ya kiganja, kama mtu anayekata unga wa ngano uliokandwa. Mstari mmoja kati, kutoka mbele kwenda nyuma, ndilo umbo la kizamani na linaficha makosa ya mwanzoni. Ukitaka umbo la tone la maji, panua nyuma kwa vidole na uache mbele pachongoke. Ukitaka almasi, chongoa mbele na nyuma, panua katikati. Mbano uje mwisho: kidole gumba upande mmoja, vidole viwili upande wa pili, bonyeza kwa upole, halafu tazama kutoka mbele kama pande mbili zimelingana. Zikitofautiana kidogo, ziache. Kofia iliyolingana kwa rula imekufa.

Kosa kubwa hapa ni bonde la kina mno. Ukivaa, lazima kuwe na nafasi ya kidole kati ya bonde na utosi. Bonde likigusa kichwa, kila ukivaa unalisukuma juu, na ndani ya wiki umbo limepotea na mafuta ya nywele yamepanda kwenye felti.

Ukimaliza, iache usiku mzima bila kuivaa.

"Ukingo una mawimbi"

Uliza ilikuwa imewekwaje. Karibu kila mara jibu ni moja: ilikaa mezani ukingo ukiwa chini. Uzito wa kuba unaulalia ukingo, na felti inakumbuka. Pama huwekwa imepinduliwa, kuba chini ukingo juu, au ikae juu ya kitu cha duara kinachofanana na kichwa.

Ukingo uliolegea kidogo unaponywa kwa mvuke na vidole: pitisha, vuta mbele chini, pandisha nyuma, shikilia ipoe. Uliopinda sana utandaze juu ya meza yenye blanketi, kuba likining'inia nje ya ukingo wa meza. Funika kwa kitambaa cha pamba chenye unyevu, pitisha pasi ya moto mdogo kipande kwa kipande. Pasi isiguse felti uchi. Itaacha mng'ao ambao hauondoki.

Ukingo wa sufi uliolowa mara nyingi hupoteza gundi yake na kuwa kama jani la mgomba lililonyauka. Unaweza kuunyoosha, lakini hautashika kama zamani. Katika hali hiyo shusha ukingo wote chini, mbele na nyuma. Umbo hilo halihitaji ugumu, na linapendeza kwa koti la mvua.

"Kuna tundu kwenye mbano"

Hili nimelifanya mwenyewe, kwa pama ya kijivu ya sungura niliyoipata soko la mitumba la Memorial, Moshi, na kuipenda kuliko zote. Kwa miaka mitatu niliivua kwa kuibana mbele kwa vidole viwili, kama waungwana wa kwenye picha. Kila mbano unakunja felti palepale, jasho la vidole linaikausha, nywele zinakatika. Siku moja niliiinua juani nikaona mwanga unapita.

Dalili ya mapema ni felti kuwa nyembamba na rangi kupauka kwenye kona ya mbano. Ukiiona, acha kushika hapo leo hii. Ivue kwa mikono miwili, kwenye ukingo, mbele na nyuma. Tundu likishatoka, bandika kwa ndani kipande cha felti cha rangi ile ile kwa gundi ya nguo kidogo sana, na nyuzi za felti zilizokwanguliwa ndani ya kofia zijaze pengo. Litaonekana kwa aliye karibu, lakini halitapanuka.

"Ilikuwa inanienea, sasa hainienei"

Iliachwa kwenye gari juani. Niambie kama si hivyo.

Swali ni moja: kilichosinyaa ni felti au mkanda? Geuza mkanda nje, pima mzunguko wa felti peke yake, kisha wa ngozi. Felti ikiwa bado na saizi yake lakini imejikunja-kunja kwenye mshono, ngozi ndiyo iliyosinyaa, na huo ndio ugonjwa wa kawaida, kwani ngozi yenye unyevu wa jasho haistahimili joto. Ikiwa bado laini, iloanishe na kuivaa kama nilivyoeleza juu. Ikiwa imekauka na kupasuka, hakuna mafuta yatakayoirudisha. Mpelekee fundi viatu anayejua kushona kwa mkono, akate ukanda wa ngozi nyembamba ya mbuzi, aushone kupitia matundu yale yale ya zamani. Asitumie cherehani ya viatu kwenye felti.

Felti yenyewe ikisinyaa, hasa ya sufi, unaweza kurudisha nusu saizi kwa mvuke na subira. Zaidi ya hapo sijafanikiwa.

Madoa, vumbi na wadudu

Vumbi jekundu halifutwi kwa maji. Acha likauke, kisha piga brashi laini kwa kuzunguka kinyume cha saa, maana vinyweleo vya felti kwa kawaida vimelala upande huo. Kuwa na brashi mbili, ya kofia nyeusi na ya kofia nyeupe.

Mafuta: mwaga wanga wa mahindi au poda juu ya doa, acha usiku, piga brashi, rudia hata mara nne. Mstari mweupe juu ya utepe ni chumvi ya jasho. Ugongegonge kwa kitambaa chenye maji safi ya mvua, usisugue. Sabuni na mashine ya kufulia usizitaje karibu na pama.

Mashimo madogo yasiyo na mpangilio, na njia zilizonyolewa juu ya felti, ni kazi ya nondo, au kwa usahihi, ya viwavi vyake, kwa sababu nondo mzima hali kitu. Piga brashi nje, hasa chini ya utepe na nyuma ya mkanda ambako mayai hujificha. Kisha funga kofia ndani ya mfuko wa plastiki uliobanwa vizuri, iweke kwenye friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukiitoa, usifungue mfuko mpaka iwe na joto la chumba, la sivyo itatota kwa umande. Majani ya mwarobaini kabatini nayatumia pia kama mama alivyotumia kwa nguo za sufi, lakini hayo ni ya kuzuia. Aliyekwishaingia anataka baridi.

Ukungu wa pwani: jua la asubuhi nusu saa, brashi nje ya nyumba, na kabati lenye hewa. Mfuko wa plastiki wa kuhifadhia ndio ulioleta ukungu mara nyingi, kwa hiyo tumia boksi la karatasi.

"Imenyeshewa"

Usiikimbize jikoni. Ikung'ute maji, geuza mkanda wa jasho utoke nje wote, uisimamishe juu ya mkanda huo mezani, ili ukingo uelee hewani na felti ikauke bila kuvutwa na ngozi. Mbali na jua, mbali na jiko, mbali na hita. Ikiwa bado na unyevu, rudisha bonde na mbano kwa ncha za vidole, kidogo tu, kisha uiache.

Asubuhi gusa ngozi. Ikiwa bado na ubaridi wa unyevu, irudishe ndani, ivae, injika chai. Mpaka chai ichemke na kunyweka, mkanda utakuwa umekaukia kwenye kichwa chako.